Jinsi ya Kuandika Maisha ya Mfanyabiashara wa Karne ya 19 Aliyeingia Siasa: Mfano wa A. M. Jeevanjee wa Nairobi

Mtu akikatiza Bustani ya Jeevanjee saa saba mchana atawakuta wahubiri wawili watatu wakipaza sauti, vijana wamejilaza kwenye nyasi wakingoja saa ya kurudi kazini, na watu wazima wamelizunguka benchi moja wakijadili siasa za nchi hoja kwa hoja. Wote hao hulitaja jina la Jeevanjee kila wanapopatana mahali pa kukutana, lakini ukiwauliza mwenye jina alikuwa nani, jibu la kawaida ni kwamba alikuwa Mhindi tajiri wa zamani. Jibu hilo si la uongo, ila limeishia mlangoni. Ndani ya nyumba yumo mtu aliyezaliwa Karachi mwaka 1856, aliyefika Mombasa mwaka 1890 kutafuta biashara, aliyeleta vibarua na kuwalisha wajenzi wa reli, aliyeanzisha gazeti, aliyeshika sehemu kubwa ya majengo ya Nairobi ya mwanzo, na aliyekuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu au mjukuu anayetaka kuandika wasifu wa mtu wa namna hiyo: mtu aliyeanza katika duka au kandarasi na kuishia katika siasa. Nitamtumia Alibhai Mulla Jeevanjee kama mfano kwa sababu nyayo zake ziko hapa mjini na msomaji wa Nairobi anaweza kuzifuata kwa miguu. Njia yenyewe, hata hivyo, itamfaa pia anayemwandika mfanyabiashara mwingine wa enzi hizo, awe wa Mombasa, Kisumu au Zanzibar.

Anza na biashara

Kosa ninaloliona mara nyingi katika wasifu wa watu hawa ni kuharakia baraza na hotuba. Mwandishi humpa shujaa wake kurasa mbili za utoto, ukurasa mmoja wa kupata mali, kisha kitabu kizima kinakuwa cha siasa, kana kwamba mali ilikuwa ngazi tu ya kupandia. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Yaandike maisha ya kazi yake kwa urefu na kwa undani, kwa maana malalamiko aliyoyapeleka barazani aliyaokota katika shughuli zake za kila siku: kiwanja alichonyimwa, zabuni aliyoipata na masharti yake, deni aliloshindwa kulidai. Msomaji akiijua leja, hotuba haitamshangaza.

Kwa Jeevanjee kazi hiyo inaanzia Karachi, bandari iliyokuwa ikipanuka chini ya utawala wa Waingereza. Alizaliwa katika jamii ya Mabohora, Waislamu wa Kishia ambao biashara ya bahari imekuwa sehemu ya maisha yao kwa vizazi vingi. Alipokuwa na umri wa miaka 13, mwaka 1869, Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zikaanza safari za kawaida kati ya Aden na Zanzibar. Mambo hayo mawili usiyaache yaelee peke yake kama mapambo ya enzi. Yaunganishe na mtu wako: mfanyabiashara ambaye baba zake walisafiri kwa jahazi wakingoja upepo wa kaskazi sasa aliweza kupanga safari kwa ratiba, kupokea barua kwa wakati, na kuahidi kufikisha shehena mwezi fulani. Bila ratiba hiyo hakuna mkandarasi. Jeevanjee mwenyewe alifanya biashara hadi Adelaide, Australia, kabla ya kuja pwani yetu, na jambo hilo peke yake linatueleza kwamba hakufika Mombasa kama mtu aliyepotea njia bali kama mtu aliyezoea kuipima bandari kwa macho.

Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imepata hati ya kifalme mwaka 1888, ilikuwa ikihitaji mafundi, askari na vibarua, na Jeevanjee akawa mmoja wa walioipatia watu kutoka Bara Hindi. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi mikononi mwa kampuni, na mwaka uliofuata kazi ya Reli ya Uganda ikaanza Mombasa. Hapo ndipo kampuni ya A. M. Jeevanjee ilipopanuka: iliajiri vibarua Bara Hindi, ikawalisha, ikachukua kandarasi za ujenzi. Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899 na kufika ukingo wa ziwa, mahali tunapopaita Kisumu, mwezi Desemba 1901.

Katika sehemu hii mwandishi atakutana na takwimu kubwa, naye azitumie kwa uangalifu. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli hiyo. Karibu 2,500 walikufa na karibu 6,700 walibaki Afrika Mashariki mikataba yao ilipokwisha. Hizo ni hesabu za reli nzima. Usizitwike juu ya mabega ya mkandarasi mmoja, wala usimwondolee sehemu yake. Jiulize maswali ya kazi: chakula kilipimwaje, nani alikikagua, mgonjwa alikatwa mshahara au hakukatwa, na nani alipata faida gunia la mchele lilipofika kambini. Na simba wa Tsavo waliowaua wajenzi mwaka 1898 uwape aya moja. Wamekwisha kula kurasa za kutosha katika vitabu vya watu wengine, ilhali waliouawa na kuhara na malaria hawajapewa hata nusu ya nafasi hiyo.

Jina, nchi na fedha

Kabla ya kuingia maktaba yoyote, andika katika ukurasa wa kwanza wa daftari lako namna zote ambazo jina la mtu wako huenda liliandikwa. Karani Mwingereza wa mwaka 1900 aliandika alichokisikia. Jeevanjee utamkuta kama Jivanjee, Jivanji au Jeewanjee, na Alibhai utamkuta kama Allibhai au Ali Bhai. Ni vyema pia kuelewa jina lenyewe limejengwaje. "Bhai" ni ndugu, neno la heshima linaloungwa kwenye jina la mtu. "Mulla" ni cheo cha dini. Na kwa desturi ya Kigujarati jina la mtu hufuatwa na la baba yake, kwa hiyo jina la pili si lazima liwe jina la ukoo kama tulivyozoea katika vitambulisho vya leo.

Hili nalisema kwa uchungu. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika kurasa tatu za biashara ya karafuu, nikimpa Jeevanjee wa Nairobi shughuli ambazo zilikuwa za familia ya Karimjee Jivanjee wa Zanzibar, familia nyingine kabisa ya Kibohora, ile ambayo jina lake limebaki katika Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam. Nilikuwa nimeona jina moja katika orodha ya wafanyabiashara na sikurudi nyuma kuhakikisha. Kurasa tatu nilizifuta. Tangu siku hiyo, kila ninapomkuta mtu katika hati, naandika kando ya jina lake angalau kitu kimoja kinachomtofautisha: mji, jina la kampuni, mshirika, au nambari ya kiwanja. Asiye na alama hiyo simwingizi katika maandishi.

Nchi nazo zina tarehe zake. Karachi haikuwa Pakistan mwaka 1856, kwa kuwa Pakistan ilizaliwa mwaka 1947. Ilikuwa sehemu ya Bara Hindi chini ya Waingereza. Koloni ya Kenya ilipata jina hilo mwaka 1920, na kabla ya hapo nchi iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki. Ukiandika kwamba Jeevanjee aliingia baraza la Kenya mwaka 1909, msomaji makini atakifunga kitabu. Makao makuu nayo yalihamishwa kutoka Mombasa kuja Nairobi mwaka 1905, mwaka uleule ambao himaya ilitoka mikononi mwa Wizara ya Mambo ya Nje huko London ikakabidhiwa Wizara ya Makoloni. Badiliko hilo linaathiri mahali pa kutafuta barua, jambo nitakalolirudia.

Fedha ndiyo sehemu inayowashinda wengi, nayo ndiyo inayofaa kuchunguzwa zaidi ukimwandika mfanyabiashara. Hesabu za Jeevanjee zilikuwa za rupia. Rupia ya Bara Hindi iligawanywa kwa anna 16, na kila anna kwa paisa 4, na ni paisa hiyo iliyotuachia neno "pesa" tunalolitumia kutwa bila kuliwaza. Kuanzia mwaka 1906 rupia ya Afrika Mashariki ikagawanywa kwa senti 100. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia rupia 15 zilikuwa pauni moja. Mwaka 1920 serikali iliipanga upya thamani hiyo ikawa rupia 10 kwa pauni, kisha ikaja florini, kisha shilingi.

Chukua mfano wa deni la rupia 1,500. Kabla ya vita mwenye deni alidaiwa pauni 100. Baada ya badiliko la mwaka 1920, bila kukopa hata ndururu zaidi, akawa anadaiwa pauni 150. Mfanyabiashara aliyekuwa na viwanja vilivyowekwa rehani aliisikia habari hiyo tofauti sana na karani wa benki. Mwandishi asiyejua hesabu hii ataandika tu kwamba mambo yalimwendea vibaya, na msomaji hataelewa kwa nini. Kwa hiyo tengeneza jedwali dogo la thamani ya fedha mwaka kwa mwaka, ulibandike ndani ya jalada la daftari, na usibadili rupia kuwa shilingi za leo. Linganisha badala yake kiasi cha fedha na kitu kilichouzwa siku zile, kama mshahara wa mwezi wa kibarua au kodi ya chumba cha duka.

Mahali pa kutafuta

Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, katika jengo la kale lililokuwa la Benki ya India, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Utajiandikisha, utalipa ada ndogo, na kama si raia utaombwa kibali cha utafiti. Beba penseli badala ya kalamu ya wino. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mwaka 1939 moto uliteketeza ofisi za serikali kuu hapa Nairobi, na kumbukumbu nyingi za miaka ya mwanzo zikaenda na moshi. Ndiyo sababu mtafiti wa mtu wa zama za Jeevanjee hatakiwi kukata tamaa faili za Nairobi zinapokosekana. Aombe faili za Mkoa wa Pwani, zinazoanza na alama PC/Coast, ambazo zina barua za tangu miaka ya 1890. Mombasa ndiko mikataba ilikoanzia, na ndiko nakala zilikosalimika. Barua zilizopelekwa London zinapatikana katika nyaraka za taifa za Uingereza huko Kew: baada ya mwaka 1905 tafuta mfululizo wa CO 533, yaani faili za Wizara ya Makoloni, na kabla ya hapo uangalie za Wizara ya Mambo ya Nje.

Chanzo ninachokipenda kuliko vyote ni Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899 na ambalo nakala zake nyingi za zamani zinasomeka bure kwenye intaneti. Watu hulidharau kwa kuwa halina masimulizi. Lakini lifungue toleo lolote la miaka ya 1900 ulisome pole pole, safu kwa safu: hapa kuna tangazo la zabuni ya kulisha wafungwa, hapa orodha ya waliopewa leseni, hapa kiwanja kinanadiwa, hapa ushirika wa wafanyabiashara wawili umevunjwa na mmoja wao ametwaa madeni yote, hapa mirathi ya marehemu inatangazwa na wadai wanaitwa. Kila tangazo ni mistari minne au mitano. Ukizikusanya za miaka 10 na kuzipanga kwa tarehe, utaona biashara ya mtu ikikua, ikitanuka, ikianza kukopa, ikipungua, naye mwenyewe hajasema neno. Mimi hutumia kadi moja kwa kila tangazo, juu naandika tarehe na nambari ya toleo, chini nanakili maneno yenyewe jinsi yalivyo, na nyuma ya kadi naandika swali linalonijia. Maswali ya nyuma ya kadi ndiyo yaliyonipa sura za kitabu.

Kwa magazeti ya kawaida, nenda Maktaba ya McMillan, Banda Street, jirani na Msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kusoma humo; Jeevanjee mwenyewe aliishi mjini humu hadi mwaka 1936 mlango huo ukiwa umefungwa kwa watu wa rangi yake. Ulizia kwanza kama chumba cha magazeti kiko wazi, kwa sababu jengo limekuwa likikarabatiwa. Na hapo ndipo utakapokutana na kisa cha gazeti lake. Jeevanjee alianzisha African Standard huko Mombasa, akamwajiri mhariri Mwingereza, kisha mwaka 1905 akaliuza. Wanunuzi waliliita East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi likawa gazeti la kila siku. Mwaka wa kuanzishwa kwake utauona umeandikwa 1901 mahali pamoja na 1902 mahali pengine. Usichague ule unaokupendeza. Taja yote miwili, useme nani anautaja upi, uendelee. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba gazeti lililoanzishwa na Mhindi liligeuka, chini ya wenyewe wapya, kuwa sauti ya masetla waliompinga, na yeye akabaki akiyasoma mashambulizi katika kurasa alizozigharimia mwanzoni.

Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni, yatakupa picha na vifaa, lakini picha ichunguze kabla ya kuiamini: tazama mavazi, tazama kama barabara ina taa, tazama maandishi ya mabango ya maduka.

Wazee nao ni hazina, hasa wa familia zilizokaa Biashara Street na Ngara tangu mababu. Usiende na maswali 40 yaliyochapwa. Ukimwendea mzee wa Kibohora, anza na salamu ya "Salaam aleikum", mwite Mzee kama ungemwita mzee wa kwenu, ukubali chai, umwachie aanze na anachokikumbuka hata kama si ulichokifuata. Mmoja niliyekwenda kumwuliza habari za siasa alinieleza kwa saa nzima jinsi babu yake alivyopima nguo kwa dhiraa na jinsi alivyoandika madeni ya wateja Waafrika kwa alama alizozitunga mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikidhani nimepoteza siku. Baadaye niliona kwamba nilikuwa nimepewa maelezo bora kabisa ya uaminifu uliobeba biashara ya rejareja katika mji huu, na hayo hayamo katika faili yoyote. Mwombe mzee ruhusa kabla ya kunasa sauti yake, na jina lake usilichapishe asipokubali.

Kugeuka kwake

Swali kuu la wasifu kama huu ni lini na kwa nini mfanyabiashara aligeuka mwanasiasa. Epuka jibu la kwamba moyo wake uliwaka ghafla. Pangilia matukio, uone mkono wa biashara na mkono wa siasa ulivyogusana.

Katika miaka ya mwanzo ya 1900 Jeevanjee alikuwa mtu wa kufaana na serikali. Alijenga soko, alimiliki viwanja na majengo, na mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani pamoja na sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na Duke wa Connaught, mwana wa malkia huyo. Ishara hiyo isomwe kwa makini: ilikuwa zawadi ya raia anayesema kwamba naye ni wa milki hiyo sawa na Mwingereza yeyote. Lakini wakati uleule ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa ikitengwa kwa Wazungu pekee, na serikali ya London ilikubali utaratibu huo. Mhindi aliruhusiwa kujenga ofisi ya serikali, asiruhusiwe kununua shamba Limuru. Hata mjini alipangiwa mahali pa kukaa. Kwa mtu ambaye mali yake nyingi ilikuwa katika viwanja, hilo halikuwa jambo la heshima tu. Lilikuwa ni kuwekewa dari juu ya kichwa chake.

Baraza la Kutunga Sheria lilikutana kwa mara ya kwanza Nairobi mwaka 1907 bila Mhindi hata mmoja. Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa, na zingatia neno hilo: aliteuliwa na gavana, hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa mmoja katikati ya Wazungu. Mwaka 1910 akiwa London aliyatoa malalamiko yake katika gazeti, akieleza ubaguzi wa ardhi, wa mahakama na wa biashara. Muda wake ulipokwisha hakuongezewa, na miaka ikapita kabla ya Mhindi mwingine kuteuliwa. Mwaka 1914 Wahindi wa Afrika Mashariki walipokutana Mombasa kuunda chama chao cha pamoja, yeye ndiye aliyekuwa rais wa mkutano wa kwanza. Mwaka 1923 alikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda London wakati masetla walipotishia kumteka gavana ikiwa Wahindi wangepewa haki sawa ya kura.

Waraka uliotoka London mwezi Julai 1923 kwa jina la Waziri wa Makoloni, Duke wa Devonshire, ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kutangulia, ukaziacha nyanda za juu mikononi mwa masetla, ukawapa Wahindi viti 5 vya kuchaguliwa kwa orodha yao peke yao, ilhali masetla walikuwa na viti 11. Ukifika hapa, usimwambie msomaji kwamba walishindwa au walishinda. Mwekee hesabu hizo mbili mbele yake, 11 na 5, pamoja na idadi ya Waafrika katika baraza hilo, ambayo ilikuwa sufuri.

Asipambwe, asipakwe tope

Sufuri hiyo ndiyo inayonifanya niseme kwamba wasifu wa Jeevanjee hauwezi kuandikwa kama hadithi ya shujaa wa watu wote. Katika mazungumzo yaleyale na gazeti la London ya mwaka 1910 alipendekeza nchi hii iunganishwe na milki ya Bara Hindi, iwe mahali pa Wahindi kuhamia. Mwenye nchi hakuulizwa. Ardhi ambayo masetla na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakiigombania ilikuwa ya Wamaasai, Wakikuyu na Wanandi, na reli iliyomtajirisha ilipita juu ya malisho na mashamba yao. Mwandishi Mkenya asiliruke hilo kwa kuogopa kuvunja heshima ya marehemu.

Asiende upande wa pili vilevile. Kupinga kwake ubaguzi wa rangi kulikuwa kwa kweli, na kulimgharimu. Hoja alizozitumia mwaka 1910, kwamba mlipa kodi asiye na sauti katika baraza ameonewa, ndizo Waafrika walizozirudia kwa haki kubwa zaidi. Eliud Mathu aliingia baraza hilo mwaka 1944, miaka 35 baada ya Jeevanjee, naye aliketi kama Mwafrika wa kwanza kabisa. Njia bora ya kuandika mtu mwenye pande mbili ni kuziweka pande hizo karibu, katika ukurasa mmoja ikiwezekana, bila kuiambia hadhira ipende upi. Nimejaribu kuziweka katika sura tofauti na nikaona kila msomaji anachukua sura anayoitaka na kuiacha nyingine.

Kuna pia lugha ya enzi. Hati zitawaita wajenzi wa reli "makuli", na zitawaita Waafrika maneno mabaya zaidi. Yanakili pale tu unaponukuu, ndani ya alama za kunukuu, na katika maneno yako mwenyewe sema vibarua, mafundi, wakulima, wafugaji.

Kuandika na kumaliza

Ukishapata kadi zako, zipange kwa mwaka, si kwa mada. Mwaka mmoja ukikupa kadi 30 na mwingine kadi 2, usijaribu kusawazisha. Miaka yenye kadi nyingi ipewe nafasi. Kwa Jeevanjee miaka ya 1896 hadi 1914 itajaza zaidi ya nusu ya kitabu, na utoto wake utatosha kurasa chache. Tarehe za hati za dini au za familia huenda zikawa za Hijria, nazo Mabohora hufuata kalenda ya hesabu ambayo inaweza kutangulia mwezi unaoandama kwa siku moja au mbili, kwa hiyo andika tarehe kama ilivyo kwenye hati kwanza, kisha ndipo uigeuze.

Kifo chake cha mwaka 1936 usikifanye mwisho. Bustani aliyoitoa ilinusurika mwaka 1991 palipokuwa na mpango wa kuijenga, na mjukuu wake alikuwa mstari wa mbele katika kuitetea, akiungwa mkono na Wangari Maathai. Sanamu ya Malkia Victoria iliangushwa na kukatwa kichwa mwaka 2015. Nenda uitazame sehemu hiyo kwa macho yako, upige picha, upime kwa hatua umbali wa kutoka hapo hadi lango la Moi Avenue, kwa sababu mambo ya namna hiyo hayabaki kama yalivyo.

Kabla ya kuipeleka rasimu kwa mchapishaji, irudishe kwenye bustani hiyo. Chagua kurasa za mwaka 1909 na 1910, kaa kwenye benchi la wale wanaojadili siasa mchana, uwaombe ruhusa, uwasomee kwa sauti. Mimi nilipofanya hivyo mzee mmoja alinikatiza katika ukurasa wa pili akauliza vibarua wa reli walilipwa na nani, Jeevanjee au serikali, nami sikuwa nimeliandika wazi. Nililiandika swali lake ukingoni mwa karatasi pamoja na tarehe, na kesho yake asubuhi nikarudi kwenye mikataba.